Gita, Bhagavata au Ramcharitmanas: Uanze na Kipi?

Mwenye hamu ya kusoma maandiko ya ibada ya Wahindu hukwama mlangoni. Vitabu ni vingi, na kila anayemuuliza humjibu neno lilelile: anza na Gita. Basi anainunua, anakutana na sura ya kwanza iliyojaa majina ya wapiganaji na baragumu zao, na baada ya kurasa chache anaifunga. Mimi yalinikuta hayo. Miaka ikapita, kitabu kimelala kabatini, mpaka nilipoingia kwa mlango mwingine: hadithi ya mtoto aliyefungwa kamba kwenye kinu. Nitaifikia.

Vitabu ninavyovilinganisha ni vitatu: Bhagavad Gita, Bhagavata Purana na Ramcharitmanas. (Majina mawili ya kwanza yanafanana na watu huyachanganya, lakini ni vitabu viwili mbalimbali.) Nimevichagua hivi kwa kuwa ndivyo vinavyosomwa, kuimbwa na kuigizwa zaidi majumbani na mahekaluni, na kwa kuwa vyote vina zahiri na batini. Zahiri yake ni habari za vita, za mchunga ng'ombe, za mwana wa mfalme aliyepelekwa uhamishoni miaka 14. Batini yake ni nafsi inayomtafuta Mola wake. Vinapoachana ni kwenye ufunguo: kila kitabu kina namna yake ya kumpa msomaji ufunguo wa hiyo batini, au kumwacha autafute mwenyewe.

Tofauti hiyo utaiona upesi ukilifuata jambo moja, gari la farasi. Limo katika vitabu vyote vitatu, na fumbo lake ni la kale. Katha Upanishad, andiko la kale la Kihindu, ilikwisha kusema kwamba mwili ni gari, nafsi ni abiria, akili ndiyo mwendeshaji, mawazo ni hatamu, na milango ya fahamu ni farasi. Kila kimoja cha vitabu hivi vitatu kililirithi gari hilo kikalifanyia jambo lake.

Ukubwa na lugha

Gita ina beti 700 katika sura 18, nayo ni kipande cha utenzi mkubwa wa Mahabharata, ndani ya kitabu chake cha 6. Mchana mmoja unatosha kuimaliza, ingawa kuielewa ni habari nyingine. Bhagavata ina sehemu 12, na mapokeo huhesabu beti 18,000. Wataalamu wengi huiweka karne ya 9 au ya 10, kusini mwa India. Zote mbili ni za Kisanskriti. Ramcharitmanas ina mtunzi anayejulikana kwa jina, Tulsidas, aliyeianza Ayodhya mwaka 1574. Aliitunga kwa Kiawadhi, lugha ya sokoni na shambani kaskazini mwa India, ingawa wasomi wengi wa zama zake waliona Kisanskriti ndiyo lugha ya maandiko. Ina sehemu saba na mistari zaidi ya 10,000, yote ya kuimbika.

Gita: gari limesimama

Arjuna, mpiganaji hodari, anamwambia Krishna, mwendesha gari wake, ambaye ni Mungu aliyekuja kwa sura ya mtu: lisimamishe gari langu katikati ya majeshi mawili. Farasi ni weupe, bendera ina sura ya Hanuman, yule nyani mtukufu. Anatazama huku na huku, na kote anaona jamaa zake: babu, walimu, binamu, wakwe. Ngozi inamwaka. Upinde wake Gandiva unamponyoka mkononi. Anaketi chini humo humo garini, anasema hatapigana, kisha ananyamaza.

Tangu hapo gari halisogei. Karibu kitabu chote ni mazungumzo ya abiria na mwendeshaji wake ndani ya gari lililosimama, na majeshi mawili yakingoja. Ndiyo maana Gita humfaa sana mtu aliyefika njia panda: aliyepewa kazi asiyoweza kuikataa wala kuifanya kwa moyo mkunjufu, au anayetakiwa kuamua jambo litakaloumiza watu wake kwa vyovyote vile. Jibu maarufu la sura ya 2 ni kwamba una haki juu ya tendo lako, huna haki juu ya matunda yake. Maneno hayo ni rahisi kuyakariri, lakini mtu humaliza umri akijaribu kuyaishi.

Ila Gita haikufumbulii fumbo. Hakuna mahali inaposema wazi kwamba gari hili ni mwili na farasi hawa ni milango ya fahamu. Inakudokeza tu. Neno lake la kwanza kabisa ni "uwanja wa dharma", yaani uwanja wa haki na wajibu, na mbele sana, katika sura ya 13, Krishna anasema mwili huu ndio uitwao uwanja, kwa neno lilelile la Kisanskriti, kshetra. Sura ya 5 inamtaja mwenye mwili kama mkaaji wa mji wenye milango tisa. Sura ya 2 inasema mawazo yakiifuata milango ya fahamu huichukua hekima ya mtu kama upepo unavyokichukua chombo majini. Msomaji makini huviokota vidokezo hivi kimoja kimoja. Asiye makini humaliza kitabu akidhani amesoma hotuba ya kumtia askari moyo.

Kwa kuwa ufunguo haumo mezani, wafasiri wamepishana kwa karne nyingi. Shankara, wa karne ya 8, aliona lengo ni elimu ya nafsi na kuachana na dunia. Ramanuja aliona ni bhakti, mapenzi ya mja kwa Bwana wake. Tilak, mpigania uhuru wa India aliyeandika sharhi yake akiwa mfungwa huko Mandalay, alishikilia kwamba Gita inaagiza kazi, tena kazi ya duniani. Gandhi, aliyeisoma kwa mara ya kwanza London mwaka 1889, alisema vita vinavyosimuliwa ni vile vinavyopiganwa ndani ya moyo wa kila binadamu. Wote wanne walisoma beti zilezile 700. Kwa hiyo ukinunua tafsiri ya Gita, unanunua pia macho ya aliyeifasiri. Tafuta chapa ambayo beti zimesimama peke yake na maelezo yako chini yake, upate kujua maneno ya kitabu yanaishia wapi na ya mfasiri yanaanzia wapi.

Bhagavata: gari la mwindaji

Mfalme Parikshit alikuwa mjukuu wa Arjuna. Siku moja, akiwa mawindoni, kiu ilimzidi akaingia kwa mtawa mmoja kuomba maji. Mtawa alikuwa amezama katika kutafakari, hakumjibu. Mfalme kwa hasira akainua nyoka mfu kwa ncha ya upinde, akamtundika mzee yule shingoni, akaondoka. Mwana wa mtawa akamlaani: siku ya saba utaumwa na nyoka ufe. Parikshit hakukimbia wala hakuomba laana ifutwe. Aliketi ukingoni mwa mto Ganga na kuuliza: mtu anayekaribia kufa afanye nini? Bhagavata yote ni jibu la swali hilo, lililotolewa kwa siku saba na kijana Shuka. Ndiyo asili ya kisomo cha siku saba, saptah, ambacho hata huku Afrika Mashariki familia za Kigujarati hukiandaa, watu wakaketi kumsikiliza msomaji asubuhi mpaka jioni.

Babu alipata mafunzo yake garini, na mjukuu aliyapata kwa sababu ya kuwinda. Kitabu kinajua kinachofanya, kwa kuwa katika sehemu yake ya 4 mna mwindaji mwingine, mfalme Puranjana, na hapo ndipo ningependa kila msomaji apitie.

Puranjana anatembea dunia nzima akitafuta pa kukaa. Anaupata mji wenye milango tisa, ndani yake mna mwanamke mzuri anayelindwa na nyoka wa vichwa vitano. Anamwoa, anazama katika raha zake: mke akila naye anakula, mke akilia naye analia. Siku moja anapanda gari lake kwenda kuwinda, gari la farasi watano, magurudumu mawili, bendera tatu, hatamu moja na mwendeshaji mmoja. Miaka inapita. Mji unavamiwa na majeshi yenye wapiganaji 360 wanaume na 360 wanawake. Nyoka anapigana nao miaka 100, anachoka. Binti wa Wakati anaingia mjini. Puranjana anakokotwa kutoka humo, akimlilia mke, bila kumkumbuka kabisa rafiki yake wa zamani.

Mfalme aliyesimuliwa hadithi hii alisema wazi kwamba hakuielewa. Basi Narada, msimulizi, anaifumbua neno kwa neno. Mji ni mwili, na milango tisa ni macho mawili, matundu mawili ya pua, masikio mawili, kinywa, na ile miwili ya chini. Nyoka wa vichwa vitano ni pumzi ya uhai. Wavamizi 360 na 360 ni mchana na usiku wa mwaka mzima. Binti wa Wakati ni uzee. Gari nalo ni mwili: farasi ni milango ya fahamu, magurudumu ni matendo mema na mabaya, hatamu ni mawazo, mwendeshaji ni akili, kiti ni moyo. Kisha linaongezwa neno ambalo kila nikilifikia husimama: gari hili lina mwendo wa miaka, na kumbe haliendi popote.

Kiswahili kimetuandalia njia hapa. Sisi tangu zamani tunasema milango mitano ya fahamu, na mtoto wa shule anaijua. Msomaji wa Kiswahili akisikia habari za mji wenye milango, nusu ya fumbo imeshafunguka kabla Narada hajasema neno.

Hii ndiyo sifa kubwa ya Bhagavata kwa anayeanza: humfundisha mtu kusoma kwa batini. Ukishaoneshwa mara moja, unajua namna ya kukitazama kisa kingine. Ndipo nije kwenye kinu. Tulikuwa na jirani Mombasa, mama wa Kigujarati ambaye mtaa mzima ulimwita Ba, kama walivyomwita wajukuu zake. Jioni moja alinisimulia jinsi Krishna mdogo alivyovunja chungu cha mtindi na kuiba siagi, mama yake Yashoda akamkimbiza, akamkamata, akataka kumfunga kwenye kinu. Kamba ikapungua vidole viwili. Akaunga nyingine, ikapungua vidole viwili. Akaunga kamba zote za nyumbani, bado vidole viwili. Mama akatota jasho, maua yakamdondoka nyweleni, na mtoto alipomwona amechoka akakubali kufungwa. Ba alininyoshea vidole viwili mbele ya macho, akakunja kimoja, akasema: "Hiki ni jasho lako, mwanangu." Akakunja cha pili: "Na hiki ni huruma yake."

Baadaye niligundua kwamba sharhi za Kivaishnava, za waja wa Vishnu na Krishna, husema hivyohivyo. Nilirudi nyumbani nikaitoa Gita kabatini usiku uleule.

Bhagavata ina mahali pagumu, nako ni sehemu ya 10, pale wanawake wa wachunga ng'ombe wanapoacha waume na vyungu vyao jikoni kukimbilia filimbi ya Krishna usiku wa mbalamwezi. Wapo wanaolichukia jambo hili na wapo wanaolisoma kwa sababu zisizo za ibada. Parikshit mwenyewe aliuliza: mlinzi wa dharma anawezaje kufanya hivi? Shuka alimjibu, na miongoni mwa majibu yake alikataza kabisa mtu kuiga. Kwa wafasiri wa bhakti, wanawake wale ni nafsi, na filimbi ni wito ambao kila anayeusikia hudhani umemwita yeye peke yake. Naafikiana nao. Lakini sura hizo zinataka msomaji aliyekwisha kuzoea kitabu, na kuzifungua kwanza, kama wengi wafanyavyo kwa sababu ya umaarufu wake, ni kujinyima.

Manas: asiye na gari

Katika Lanka Kanda, mojawapo ya sehemu saba za Ramcharitmanas (Manas kwa kifupi), Ravana, mfalme adui wa Rama, anatoka vitani juu ya gari lake la fahari. Rama, yule mwana wa mfalme aliyepelekwa uhamishoni, amesimama ardhini. Vibhishana, nduguye Ravana aliyehamia upande wa Rama, anamtazama kwa hofu ya mapenzi: Bwana, huna gari, huna vazi la vita, huna hata viatu, utamshindaje huyu? Rama anamwambia, sikiliza rafiki yangu, gari liletalo ushindi ni jingine. Analitaja kiungo kwa kiungo. Magurudumu yake ni ushujaa na subira. Bendera ni ukweli na mwenendo mwema. Farasi wanne ni nguvu, busara, kujizuia na kuwatendea wengine mema, nao wamefungwa kwa hatamu za msamaha, huruma na usawa. Mwendeshaji ni ibada ya Mungu. Ngao ni kutotamani, upanga ni kuridhika, shoka ni sadaka.

Tofauti na vitabu viwili vya kwanza ndiyo hii. Upanishad na Bhagavata zinalitumia gari kumweleza binadamu alivyo, lakini Tulsidas analijenga upya kwa mambo ambayo mtu anaweza kuanza kuyatenda kesho asubuhi. Hakuna la kutafsiri. Maana imesemwa kwa kinywa cha Rama mwenyewe, katika lugha ambayo mkulima aliielewa bila mwalimu. Hiyo ni nguvu yake, na kwa mpenda mafumbo ni upungufu pia, maana Manas mara nyingi hukulisha kijiko mdomoni.

Si kila mahali, lakini. Jina lenyewe ni fumbo: Manas ni ziwa takatifu la Himalaya, na ni moyo pia. Tulsidas anasema kitabu chake ni ziwa lenye ngazi saba za kuteremkia, ndizo sehemu zake saba, na pande nne za kushukia majini, ndiyo mazungumzo manne yanayoisimulia hadithi. Majani ya yungiyungi yaliyotanda juu ya maji ni beti zake za kawaida, na maua ya rangi nyingi ni zile za bahari nyingine za ushairi. Kwa sisi tuliolelewa na tenzi zinazoghaniwa ndani ya nyumba, hiki ndicho kitabu kinachokaribiana na sikio letu. Usikisome kimya kama kuna mtu wa kukuimbia.

Na karibu na mwisho, katika Uttara Kanda, mna jambo ambalo ningelibeba kama ningeruhusiwa kubeba ukurasa mmoja tu. Kunguru mwenye hekima anamlinganishia Garuda, mfalme wa ndege, njia mbili. Elimu, anasema, ni taa. Ng'ombe wake ni imani, na samli yake hupatikana kwa taabu ya kukama, kugandisha na kusukasuka. Ukishaiwasha, bado nyumba ina madirisha, nayo ni milango ya fahamu, na upepo wa tamaa ukivuma madirisha hufunguka taa ikazimika. Bhakti ni johari. Haihitaji samli wala utambi, huangaza usiku na mchana, na hakuna upepo unaoizima.

Manas nayo ina mwiba, na nisingemficha mtu. Katika Sundara Kanda, Bahari, anayesema humo kama mtu, anatamka mstari unaoweka mwanamke na mtu wa Shudra, tabaka la chini, pamoja na ngoma na mnyama, kwamba wote wanastahili kupigwa. Watetezi hukumbusha kwamba msemaji ni Bahari, tena akiwa amekwisha kutiwa hofu, na wengine hulipa neno la kupiga maana laini zaidi. Mstari unaniuma hata hivyo, na nawaheshimu Wahindu wanaousema wazi kuwa haufai. Ajuaye mapema kwamba upo hatakilaumu kitabu kizima kwa ajili yake.

Basi uanze wapi

Kama una uamuzi mzito mbele yako au unapenda hoja kuliko hadithi, chagua Gita, ukijua kwamba utaisoma tena na tena na mwenye kuisoma mara ya pili ni mtu mwingine. Kama umefiwa, au unauguza, au umri umekufanya uanze kuhesabu siku, chagua Bhagavata, kwa kuwa imesimuliwa kwa mtu aliyebakiwa na wiki moja. Usiianze sehemu ya 1 wala ya 10. Fungua ya 4, kuanzia sura ya 25 mpaka ya 29, umsome Puranjana, ndipo uende kwenye kinu katika sura ya 9 ya sehemu ya 10. Kama nyumbani kuna watoto, au unataka kitabu cha kusomwa kwa sauti na watu wengi, Manas haina mshindani. Imegawanywa tayari kwa vituo vya siku 9 na vya mwezi mzima. Vibarua wa Kihindi waliopelekwa mashamba ya miwa ya Morisi, Trinidad na Fiji waliibeba, wengi wao vichwani, na ikawashikilia.

Kwa msomaji nisiyemjua kabisa, ningempa Bhagavata kwanza, tena hizo sura chache tu. Sababu ni ile niliyokwisha kuitaja: inakufundisha kufungua, na ukishajua kufungua, Gita haitakunyamazia tena, wala Manas haitakuonekania hadithi ya watoto. Hata wale bata maji utawatambua: rafiki aliyesahauliwa anapomrudia Puranjana katika maisha mengine, anamwambia mimi na wewe tulikuwa bata maji wawili, tukiishi katika ziwa Manas. Miaka mia kadhaa baadaye Tulsidas akaliita shairi lake kwa jina la ziwa hilohilo.

Na kama Gita umeshainunua na imelala kabatini kama ilivyolala yangu, usiirudie sura ya kwanza. Anza ya 12, yenye beti 20 tu, inayoeleza ni mja gani anayependwa. Halafu rudi nyuma hadi ya 9, ubeti wa 26, Krishna anapotaja vitu vinavyomtosha vikitolewa kwa mapenzi: jani, ua, tunda, maji. Ukimaliza hapo, nenda ukakutane na Arjuna aliyeketi garini. Majina ya wapiganaji yatakusubiri.